Ekari ya Pili

Nilidanganya kwenye fomu ya serikali nikiwa na miaka 22. Fomu yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya nyanya yangu. Pale palipoulizwa ukubwa wa shamba lililoharibiwa, niliandika ekari mbili. Shamba lilikuwa ekari moja. Tangu siku hiyo nimejitetea kichwani mara nyingi sana, na kila nikikaribia kushinda hiyo kesi, naipoteza. Wacha nijaribu tena hapa, mbele ya watu.

Nyanya anaishi Ndara, upande wa Voi, chini ya vilima vya Sagalla. Kama umewahi kupanda treni ya Madaraka kwenda Mombasa, umewahi kupita karibu naye. Hapo ndipo abiria huinua simu kupiga picha ndovu wekundu wa Tsavo, wale waliojipaka vumbi mpaka wakafanana na udongo. Picha huwa tamu. Halafu treni inapita, watu wanarudi kwenye chai yao, na ndovu anabaki na jioni yake yote mbele. Jioni hiyo ana njaa, na ng'ambo ya reli kuna mashamba.

Mwaka ule nilikuwa nimeacha chuo. Nilifika mwaka wa pili, karo ikakwama, nikaambia watu nimeahirisha. Sikurudi. Nilienda kwa nyanya kwa wiki mbili nikakaa miezi sita, kwa sababu kule hakuna mtu aliyeniuliza nitamaliza lini. Kazi yangu ikawa kuamia shamba usiku. Mvua za vuli zilikuwa zimekubali, tukapanda mahindi, pojo na kunde. Nililala kwenye dungu, jukwaa la miti lenye paa la makuti, nikiwa na tochi, debe la kupiga, na redio ndogo ya nyanya. Ukisikia debe la jirani, unapiga lako. Usiku mzima ni stori ya madebe yakiitana gizani.

Usiku waliokuja ndovu nilikuwa nimelala. Hilo pia silipambi. Niliamshwa na sauti kama ya mtu anayerarua nguo kubwa polepole. Kumbe ni mahindi yaking'olewa. Walikuwa watano, nadhani. Nilipiga debe, nikawasha tochi, mmoja akanigeukia tu, akasimama, akaendelea kula. Sikushuka. Kulipokucha shamba lilikuwa limelala chini lote, na nyayo ni kubwa kama sinia. Nyanya alizunguka na kikapu akiokota vichanga vya mahindi ambavyo havijakanyagwa. Nilipomwambia naogopa hata kumwangalia, akasema, "Ndovu hana kosa, mjukuu wangu. Ana njaa na hana fomu. Sisi tuna fomu. Nenda kachukue."

Nikaenda. Jirani mmoja, mzee anayezijua hizi mambo, alinishauri njiani. "Ukiandika moja, watakata nusu, utalipwa nusu. Andika mbili, wakikata nusu, umepata moja yako." Ilinisikika kama hesabu safi. Nikaandika mbili. Nyanya hasomi. Nilipomsomea fomu ili aweke kidole gumba, nilisoma "ekari moja", nikamshika mkono, akaweka kidole.

Baada ya wiki kadhaa ofisa akaja kukagua. Kijana mpole, na amechoka. Akatembea ukingoni mwa shamba akihesabu hatua, hatua 70 upande huu, hatua 70 upande ule, akatazama fomu, akatazama shamba, halafu akamwambia nyanya kwa heshima kabisa: "Mama, hapa hakuna ekari mbili."

Nyanya hakuelewa mara moja. Kisha akanitazama mimi. Sitaisahau hiyo sekunde. Halafu akamgeukia ofisa: "Ni makosa ya kijana. Kalamu imemteleza." Akanikinga. Mwanamke ambaye hajawahi kuongeza kikombe kimoja kwenye deni la dukani alidanganya, kwa mara ya kwanza mbele yangu, ili kufunika uongo wangu.

Madai yale hayajalipwa mpaka leo.

Sasa, utetezi wangu.

Swali la kwanza ni hili: ndovu ni wa nani? Ng'ombe wa jirani akiingia kwako akala mahindi, wazee wanakaa, hasara inapimwa, mwenye ng'ombe analipa. Hakuna anayeyaita malipo hayo msaada, wala hakuna anayempigia makofi mwenye ng'ombe kwa ukarimu wake. Ndovu naye ana mwenyewe. Tangu 1977 uwindaji umepigwa marufuku Kenya. Nyanya hawezi kumwua ndovu, hawezi kumla, hawezi kugusa pembe yake. Pembe zikikamatwa ni za serikali, na serikali ikitaka huzichoma: 1989 Rais Moi alichoma tani 12 pale Nairobi, na 2016 Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105. Sina ugomvi na moto huo. Nasema tu kwamba mtu hachomi mali isiyo yake. Ukiwa na sarafu mpya ya shilingi 20 mfukoni itoe, utamwona ndovu huyo huyo.

Yaani ndovu ni wetu sote. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini, na hakuna mahali penye wengi kama mfumo wa Tsavo. Sote tunajivunia. Kwa miaka mingi mgeni kutoka ng'ambo alilipa dola 52 kwa siku kuingia Tsavo Mashariki. Karibu asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta iko ndani ya mbuga mbili za Tsavo, zilizoundwa 1948, na viongozi wa kaunti wamedai mgao wa mapato yake mwaka nenda mwaka rudi. Faida imetawanywa kwa watu milioni 50 na zaidi: hoteli, ushuru, picha za treni, fahari. Gharama haijatawanywa. Usiku fulani wa Desemba gharama yote huangukia ekari moja.

Hapa ndipo maneno yananisumbua. Kiswahili kinatupa matatu. Kuna msaada, ambao anayetoa angeweza kutotoa na asilaumiwe. Kuna ruzuku, neno lenye mzizi mmoja na riziki. Mola humruzuku amtakaye, na serikali imeliazima hilo neno kwa mbolea. Kuna fidia, ambayo ni kufidia, kurudisha kilichoondoka. Nyanya anazijua zote tatu kupitia simu yake ya mulika mwizi. Wakulima waliposajiliwa kitaifa mapema 2023, naye akasajiliwa, na ujumbe ukaja kwamba anaweza kununua mbolea ya ruzuku. Bei ilishushwa mpaka Sh3,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2022, kisha Sh2,500. Nikamsomea. Akacheka. "Niwanenepeshee mahindi?"

Ule utani umebeba hoja kubwa kuliko utetezi wangu wote. Tunasema serikali inampa mkulima ruzuku. Lakini tazama mizani ya Ndara vizuri. Mwanamke wa miaka zaidi ya 70 analisha wanyama wa taifa kutoka kwenye ghala lake, bila mkataba, bila risiti. Ndovu mmoja mzima anaweza kula kilo 150 za chakula kwa siku. Nani hapo anampa nani ruzuku? Ruzuku inatoka shambani inakuja kwetu, sisi wa mjini tunaoweka picha ya ndovu kwenye simu. Sisi ndio tunaoruzukiwa.

Kwa hiyo fidia ni deni. Sheria yenyewe inakubali. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliweka Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, Sh3 milioni kwa ulemavu wa kudumu, hadi Sh2 milioni kwa jeraha lingine, na kwa mazao thamani ya soko. Iliunda kamati kila kaunti za kupokea madai. Kwenye karatasi ni nzuri. Lakini deni likikaa miaka bila kulipwa hubadilika rangi. Serikali baada ya serikali zimekiri malimbikizo ya mabilioni ya shilingi. Na pesa zinapotoka hatimaye, hutolewa kwa hafla: hema, viti vya plastiki, mgeni wa heshima, hundi kubwa ya kadibodi. Hebu fikiria anayekudai amekuita kwenye sherehe ya kulipwa haki yake, na anatarajiwa kushukuru.

Basi, nilijiambia, nimemdanganya mdeni sugu. Kosa liko wapi? Anachelewa, na shilingi ya leo si ya miaka mitano ijayo. Anakata. Ile ekari ya pili ilikuwa riba tu.

Nimekaa na hoja hiyo muda mrefu, na imenivunjikia mahali ambapo sikutarajia.

Nilidhani itavunjika kwenye dini au kwenye zile amri za shule ya Jumapili. Ilivunjika kwenye historia. Kabla ya 1989 sheria ya Kenya ililipa fidia ya mazao. Mwaka huo ikaondolewa, ikabaki ya vifo na majeraha tu, na kwa kifo kiwango kilikuwa Sh30,000. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba mpango ulijaa madai ya uongo na ufisadi. Mazao yakarudi kwenye sheria 2013. Miaka 24. Katika miaka hiyo yote mtu wa Ndara, wa Sagalla, wa Kasigau aliamka akakuta shamba limelala na hakuwa hata na fomu ya kujaza. Kuna watu walioandika ekari ya pili kabla yangu, na bili yao ililipwa na watu walioandika moja.

Najua utaniuliza: na wakubwa je? Sawa. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa wakulima chini ya mpango wa ruzuku haikuwa na mbolea inayostahili kuitwa mbolea. Bunge likapitisha hoja ya kumwondoa waziri wa kilimo, kamati teule ikasema mashtaka hayakuthibitishwa, waziri akabaki wakati huo. Mpango wa ruzuku haukufutwa, na ni vizuri haukufutwa, wakulima wangeumia mara mbili. Lakini tofauti iko hapo uchi. Udanganyifu ukifanywa juu, mpango unarekebishwa. Ukifanywa chini, mpango unafutwa. Ni dhuluma, nakubali. Ila dhuluma hiyo inamaanisha kwamba mtu wa chini ana kitu kimoja tu cha kumlinda, nacho ni hesabu iliyonyooka. Mimi ndicho nilichomnyang'anya nyanya.

Kuna jambo lingine zaidi, gumu kulisema. Mtu anayedai deni hana haja ya kutia chumvi. Analeta daftari: siku fulani, kiasi fulani, lipa. Anayetia chumvi ni mwombaji, kwa sababu anajua atapewa kwa kuhurumiwa, na huruma huvutwa kwa ukubwa wa kilio. Nilipoandika ekari mbili nilikuwa nimekubali, bila kujua, kwamba ile pesa ni fadhila. Niliingia kwenye soko la kuombaomba nikaanza kupatana. Wao wamelifanya deni kuwa msaada kwa kuchelewa, na mimi nikawasaidia kwa kalamu. Nyanya alienda kwenye hiyo fomu akiwa shahidi wa hasara yake mwenyewe. Nikamtoa akiwa mwombaji aliyeshikwa.

Sitaki kuwaachia serikali kirahisi. Dola inayolipa nusu ya unachosema inakufundisha kusema mara mbili. Yule mzee jirani hakuwa mwizi, alikuwa mwanafunzi mzuri wa mfumo mbaya. Dawa ya uongo huo si kuongeza mihuri kwenye fomu. Dawa ni kumlipa mkweli haraka na kamili mpaka mjanja aonekane mjinga. Lakini hiyo ni dawa yao. Mimi naulizwa kuhusu kalamu yangu.

Kuna pia wale wanaosema: si wahame tu? Mbona wanalima njia ya ndovu? Nimesikia hilo kwa marafiki zangu wa Nairobi, watu wazuri, wanaopenda wanyama. Hata sheria ina kijimlango hicho: mtu hatalipwa kama hakuchukua hatua za kutosha kulinda mazao yake, au kama matumizi ya ardhi yake yanapingana na mpango wa usimamizi wa eneo. Wasagalla walikuwa wakilima kwenye vilima hivyo na chini yake muda mrefu kabla ya 1948. Mpaka wa mbuga ndio uliowafuata. Na hizo hatua za kutosha ni zipi? Huko Mwakoma na Mwambiti, Sagalla ya chini, mashamba yamezungushiwa uzio wa mizinga ya nyuki, mradi wa watafiti wa ndovu. Waya unaunganisha mizinga. Ndovu akiugusa, nyuki wanatoka, naye anawaogopa nyuki kuliko debe langu. Utafiti wa miaka kadhaa ulionyesha kwamba misimu mazao yakiwa mazuri uzio huo uliwazuia ndovu wengi, zaidi ya asilimia 80. Asali inauzwa. Ni jambo zuri kweli. Lakini ukame wa 2017 ulipowakauka maua, nyuki waliihama mizinga mingi, na ukame ndio wakati ndovu anasumbua zaidi. Mizinga, waya, nguzo, vyote ni pesa. Kumwambia mtu asiyelipwa hasara ya mwaka jana kwamba hatalipwa ya mwaka huu kwa kuwa hakununua kinga, huo ni mduara, na yeye yuko katikati yake.

Kwa hiyo narudi pale pale. Nyanya anadai, na dai lake ni halali. Mimi nililichafua. Sijui kama uongo wangu ndio uliokwamisha faili. Jirani mwingine aliandika ukweli mtupu mwezi huo huo, naye hajaona kitu. Nimewahi kujifariji na hilo, mpaka nikagundua nafurahia kwamba mtu mwaminifu hajalipwa. Hapo ndipo nilipojua faraja hiyo imeoza.

Nyanya hakuwahi kunigombeza. Alichofanya alikifanya mwaka jana, ndovu walipokuja tena. Safari hii waliingia upande mmoja tu, madebe yakawarudisha. Asubuhi akaniita, simu ikanikuta mjini, nikapanda basi la usiku. Nilipofika alikuwa ameshaniwekea daftari la shule la kurasa 48 na kalamu mpya, bado na karatasi ya dukani.

"Tembea," akaniambia. "Nami nahesabu."

Nikatembea. Yeye nyuma yangu na fimbo, akihesabu kwa sauti, polepole, na kila nilipopanua hatua kidogo alinirudisha mwanzo. Hatua 70 kwa 35. Nusu ekari. Akaniambia niandike tarehe, saa ambayo debe la kwanza lililia, majirani waliosikia, mashina yaliyosimama na yaliyolala. Nikaandika. Kisha akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, na safari hii akaweka kidole juu ya karatasi, chini ya kila neno, kana kwamba anasoma nami.

Kwenye neno "nusu" kidole kikasimama.

"Hapa ndipo palipoandikwa nusu?"

"Ndiyo, nyanya."

"Niapie."

Nikaapa. Akaangalia lile neno kwa muda, herufi nne, kama mtu anayejifunza sura ya mgeni ili asimsahau. Halafu akaniambia niandike hesabu hiyo hiyo kwenye fomu, na nakala ibaki kwake. Fomu ilipokelewa, ikapigwa muhuri. Bado tunangoja. Daftari liko chini ya godoro lake, na limebakiza kurasa 47.